Aliyeweka Kila Kitu Kwenye Uhai

Mwalimu wetu wa taipu alikuwa akitufunika mikono kwa kitambaa. Unakaa mbele ya mashine, unaweka vidole kwenye mstari wa katikati, yeye anakuja kwa nyuma bila kishindo na kukutandazia kile kitambaa cheusi juu ya mikono na herufi zote. Kutoka hapo unapiga barua nzima ya biashara bila kuona kitu. Wageni walioingia darasani walishtuka kidogo, maana walikuta safu nzima ya vijana wamekaa wima, macho mbele, mikono haionekani, na vitambaa vinachezacheza. Ukikosea alijua kwa sikio tu. Alisema kila herufi ina mlio wake, na mimi, msichana mbishi tangu tumboni, nikamwambia hilo haliwezekani. Akageukia ukuta, akaniambia nipige neno lolote nitakalo. Nilipiga jina la utani la kaka yangu, ambalo si jina la kuandikwa mahali popote penye heshima. Akalitaja herufi kwa herufi, darasa likaangua kicheko, na mimi nikakoma.

Hapo palikuwa Kitale, katika chumba cha juu cha duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kalasinga. Harufu ya misumari na rangi ya mafuta ilipanda ngazi pamoja nasi kila asubuhi. Lakini Mwalimu nilimjua kabla ya kuwa mwanafunzi wake. Miaka ya themanini alikuwa jirani yetu mtaa wa Kibomet, nyumba ya mabati yenye dirisha moja upande wa barabara, na jioni tukitoka shule tulimsikia akipiga taipu za watu kwa malipo. Sisi watoto tulimwogopa mama huyo. Hakuwahi kumchapa mtu, ila alikuwa na namna ya kukutazama kana kwamba anapiga hesabu ya kitakachokupata ukiwa mkubwa, na amekwisha pata jibu, na hataki kukuambia.

Alikuwa mtu wa kanisa hasa. Jumapili alivaa kitambaa cheupe kichwani na kukaa safu ya mbele, na mhubiri akikosea mstari alikohoa. Muziki wa baa hakutaka hata upite karibu naye. Barabara yenye baa aliizunguka. Kwa ubahili alikuwa na mkono wa birika: karatasi tuliitumia pande zote mbili, kisha tukaigeuza na kupiga katikati ya mistari, na kaboni ilitumika mpaka ikawa nyeupe. Lakini nimemwona akivua sweta lake kwenye mazishi huko Kachibora na kumvika mama mfiwa, kisha akarudi Kitale kwenye baridi amejikunyata, na kesho yake akatugombeza kwa kupoteza kipande cha chaki. Ukimwuliza juu ya sweta alikuwa mkali. "Ulienda mazishi kutazama nguo?" Akikasirika ndipo lafudhi ya kwao Bungoma ilipomtoka mdomoni, na herufi alizozilinda mwaka mzima zikabadilishana nafasi. "Unafikili mimi nacheza? Rete hiyo kalatasi hapa!" Tulikuwa tunamchokoza makusudi ili tusikie.

Basi ndiye mtu huyo, wa kanisa na chaki, ambaye katikati ya miaka ya tisini alikuja kuwa fundi wa gemu.

Jaspal, kijana wa mwenye duka, ndiye aliyeleta kompyuta. Alirudi kutoka masomoni na mashine tatu, akazipanga chumba cha pili, akabadilisha jina la chuo kwenye ubao wa nje. Katika moja ya hizo mashine kulikuwa na gemu, na Jaspal mwenyewe ndiye aliyetufundisha, kwa sababu hakuwa na mwenzake wa kucheza naye. Gemu lenyewe lilikuwa hivi. Unampa mtu wako jina, anasimama kwenye mji mdogo wenye ukuta, na katikati ya mji kuna kisima kikavu. Anashuka kisimani, ghorofa chini ya ghorofa, na huko anakutana na viumbe vya kila aina, anapigana navyo. Akishinda vya kutosha anapanda levo, yaani daraja, na kila levo unapewa pointi tano umgawie mwenyewe kati ya vitu vinne: nguvu, wepesi, akili na uhai. Pointi ukishaiweka haitoki. Na mtu wako akifa amekufa kweli: jina linafutika kwenye orodha, levo zake zote zimekwenda, unaanza na mwingine.

Mwanzoni Mwalimu alifoka. "Hiki ni chuo, si baa." Lakini alipita nyuma ya Wafula siku moja wakati wa chakula cha mchana, akasimama, hakuondoka. Wafula alikuwa kijana wa Bungoma kama yeye, mnene, mcheshi, na alikuwa akimwaga pointi zake zote kwenye nguvu.

"Wafula, huyu mtu unamlea ama unamchezea?"

"Mwarimu, mimi nataka nguvu tu. Akigonga kitu, kianguke."

"Na asipokigonga? Si unaona anapiga hewa? Mara mbili amekosa, mara tatu. Nguvu ya kupiga hewa ya nini?"

Wafula alimpisha kiti kwa mzaha. Mwalimu akakaa. Akauliza, mbele ya yote, huyu mtu akizeeka anataka kuvaa nini. Wafula hakuelewa. Mwalimu akamweleza kwamba kila vazi la chuma mle ndani linadai nguvu kiasi fulani, na kila ngao inadai wepesi kiasi fulani, hivyo unachagua kwanza vazi la mwisho, lile la uzeeni, unajua linadai nini, kisha unarudi nyuma levo kwa levo mpaka leo. Nguvu ikitosha kubeba vazi, unaiacha hapo, usiongeze hata moja. Halafu wepesi mpaka mkono uache kukosa. Kinachobaki ni cha uhai. "Na usimpe kila kitu kidogo kidogo," akasema. "Umemnyima kila kitu."

Jaspal alikuwa mlangoni. "Mwalimu, bana, umejulia wapi haya?"

"Nimezaa," akajibu, akaenda kunawa mikono apate kula.

Tangu siku hiyo hatukuweka pointi bila yeye. Mtu akipanda levo tulimwita, naye alikuja akifuta chaki mikononi, anatazama, anauliza maswali. Mimi nilikuwa na mwanamke mchawi, na nilipenda kumjazia akili haraka. Alinikataza. Alisema niziweke pointi mfukoni mpaka nijue nitaokota kitabu gani chini kule, maana kila kitabu kinadai akili yake, na akili iliyozidi kitabu ni ya bure. Nilikaa levo nzima na pointi mkononi, zinaniwasha, mpaka nilipookota kitabu cha moto nikaona ni vile vile alivyosema. Watu wetu waliacha kufa ovyo. Nilimpenda kwa hilo, na pia nilimwonea wivu kidogo, maana mimi ndiye niliyekuwa nikijiona mjanja wa darasa.

Kisha akataka mtu wake mwenyewe.

Hapa lazima nieleze kitu cha kwao. Kwa watu wa Mwalimu, mtoto mchanga akilia asinyamaze, akikataa titi, wazee hukaa naye na kuanza kumtajia majina ya wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Likitajwa lile ambalo mwenyewe yuko tayari kurudi, mtoto hunyamaza, au hupiga chafya, au huchukua titi. Basi hilo ndilo jina, na huyo mfu amepata pa kukaa. Jina hilo hapewi mtu mwingine tena maadamu huyo mtoto yuko. Sisi kwetu tunapanga majina kwa zamu ya babu na bibi, hakuna wa kuulizwa, kwa hiyo niliposikia mara ya kwanza nilicheka. Mwalimu alinipa jicho, nikaacha.

Alipofika ukurasa wa jina akaandika la mama yake mzazi. Mashine ikakwama. Haikuwa ajabu, zile mashine zilikwama kila siku; Jaspal akaizima na kuiwasha. Mwalimu akaandika la shangazi yake. Ikakwama tena, pale pale, mshale umeganda. Jaspal akaiwasha kwa mara nyingine huku anaomba radhi. Mwalimu akaweka mikono mapajani. Akaandika jina la tatu taratibu, kwa kidole kimoja, yeye ambaye angetufukuza kwa kupiga kwa kidole kimoja. Mashine ikalipokea, na kule kwenye mji mdogo akasimama mwanamke mwembamba karibu na kisima.

Jina lenyewe sitaliandika. Nililijua papo hapo, kwa sababu lilikuwa la binti yake.

Binti huyo nilimkumbuka tangu kule Kibomet, mkubwa kwangu kidogo. Alikuwa hodari wa kuruka kamba kuliko sisi sote, na mwepesi wa hesabu mpaka walimu wakamtumia kusahihisha madaftari ya wenzake. Lakini alivaa masweta mawili juani, na akiruka kamba kidogo alikaa chini ameshika kifua. Alikwenda akiwa bado na sare ya shule ya msingi. Mama yake hakulia mbele ya watu. Alisema neno moja tu pale makaburini, na mama yangu alilirudia nyumbani kwa miaka mingi: "Mungu alimpa kila kitu, akasahau kimoja."

Basi kila levo tulimwona akiweka pointi tano zote kwenye uhai. Levo iliyofuata, uhai. Nguvu ilibaki ile ya kuzaliwa, wepesi vile vile, akili hakuigusa. Wafula alishika kichwa.

"Mwarimu, si wewe ulituambia? Huyu hawezi kubeba hata ngao! Ataua nani?"

"Hakuja kuua."

"Sasa amekuja kufanya nini?"

"Kukaa," alisema Mwalimu.

Na alikaa kweli. Mwenye vijiti mkononi na nguo ya kitambaa, alipiga kiumbe kimoja adhuhuri nzima ndipo kianguke, huku wengine wakimpiga mgongoni, na lile bomba jekundu la pembeni ya skrini linaloonyesha uhai likishuka kidogo na kujaa tena lenyewe. Kadiri alivyopanda ndivyo lilivyojaa upesi zaidi. Baadaye Mwalimu alimvalisha kila kipande cha ngozi na kofia ambacho hakikudai nguvu. Hatimaye hakuna kitu mle ndani kilichoweza kumdhuru. Alipita katikati ya viumbe kama mtu anayekatiza soko. Jaspal alisema hajawahi kuona mtu akipanga hivyo popote, na kwamba ni upuuzi mtupu, na kwamba umefaulu.

Mimi si mtu wa kuona majini kila kona. Naandika nilichokiona. Watu wetu sisi, ukiwaacha bila kuwagusa, walisimama wakitazama walikoelekea mwisho, ukutani au gizani. Wa Mwalimu ukimwacha aligeuka taratibu mpaka akatazama nje, kwetu. Jaspal alisema labda ni hitilafu. Siku moja, spika zikiwa zimewashwa, nilisikia kikohozi. Wafula alikuwa kando yangu na alikisikia pia, maana aliondoa mkono kwenye kibodi. Alisema spika zimeoza, tukakubaliana kwamba zimeoza, na tangu hapo tulicheza bila sauti.

Tena kuna lile la wiki aliyokwenda kwao Myanga, upande wa Bungoma, kwa mazishi ya jamaa. Alimwacha mtu wake mjini, kando ya kisima, sote tukiona. Chumba kilifungwa kwa sababu dari ilikuwa ikingoja kukarabatiwa, na ufunguo alikuwa nao baba yake Jaspal, mzee ambaye hakujua hata mashine inawashwa wapi. Mwalimu aliporudi tukawasha. Yule mwanamke alikuwa ghorofa ya tatu chini ya ardhi, amesimama kwenye pembe, anatutazama. Jaspal akaapa kwa jina la mama yake kwamba hajamgusa. Mwalimu hakushangaa hata kidogo. "Alichoka kungoja," alisema, akavuta kiti, akampandisha juu polepole, ghorofa kwa ghorofa, kama unavyomrudisha mtoto aliyezurura.

Nilimwambia siku hiyo kwamba naogopa. Nilimwambia wazi. Akanishika bega na kusema, "Wewe mama, unaogopa nini? Huyu ni mtoto tu. Na sasa ana kifua." Uso wake ulikuwa umejaa furaha, na ndiyo furaha pekee niliyowahi kumwona nayo. Ndiyo maana sikusema zaidi.

Ikaja habari ya mjukuu. Kijana wake wa pekee aliyebaki alikuwa akiishi Myanga na mke wake, na mke akajifungua msichana. Simu ikaja dukani chini jioni moja: mtoto analia tangu azaliwe, anakataa titi, anaishiwa nguvu. Wamempeleka zahanati wakaambiwa hana ugonjwa. Wazee wamekaa naye, wametaja majina yote ya upande wa baba na upande wa mama. Wametaja na la shangazi yake, binti wa Mwalimu, tena ndilo walilolitegemea, maana hakuacha mtoto na ni zamu yake kurudi. Mtoto akazidi kulia.

Kesho yake mchana Mwalimu alipanda ngazi akiwa ameshika ukuta. Akakaa. Tulikuwa watatu mle, mimi, Wafula na Jaspal, na alitueleza pole pole, kwa Kiswahili chake cha darasani kisicho na kosa.

"Hawezi kuja kwa yule mtoto. Amekwisha kaa. Mimi ndiye niliyemkalisha."

Jaspal, masikini, alitaka kusaidia. "Mwalimu, hiyo ni rahisi. Si nifute tu? Dakika moja."

"Mtoto hafutwi!" Alimpigia kelele mpaka mafundi wa chini wakanyamaza. Kisha akashusha sauti. "Anaaga kama watu. Nitampeleka mwenyewe."

Akawasha mashine. Akamvua kofia, akamvua ngozi, akamvua viatu, kila kitu akakiweka chini kando ya kisima kwa mpangilio. Akamshusha mpaka ghorofa ya mwisho, kwenye ukumbi ambao sisi tulikuwa tunauogopa hata na mavazi yetu yote, akamsimamisha katikati. Viumbe vikaja kutoka kila upande. Vilimzunguka mpaka hatukumwona, tukawa tunaona bomba jekundu tu. Linashuka, linajaa. Linashuka mpaka nusu, linajaa. Jua la mchana liliingia dirishani likasogea ukutani, na vile vitu bado vinampiga, naye hafi. Hajui kufa. Levo kwa levo, pointi kwa pointi, Mwalimu alikuwa amempangia kitu kimoja tu duniani, na hakuna mahali pa kubonyeza ili kukirudisha. Wafula alitoka akaenda kusimama kwenye ngazi. Nilimsikia analia kule.

"Binti yangu," Mwalimu aliiambia skrini, "basi. Inatosha. Kuna mtoto Myanga anakungoja. Nenda, mama."

Akaondoa mikono kwenye kibodi na kuificha kwapani.

Nilikuwa nikitazama lile bomba. Lilishuka mpaka nusu kama kawaida. Halikujaa. Likashuka tena, na tena halikujaa. Hakuna aliyebonyeza kitu. Jaspal alikuwa amesimama mbali, na mikono ya Mwalimu niliiona ilipo. Viumbe vikaachana kidogo, nikamwona yule mwanamke katikati yao, bila kofia, amegeuka anatutazama. Kisha akalala chini. Gemu likaandika maneno yake ya siku zote, likarudi kwenye orodha, na kwenye orodha lile jina halikuwepo.

Hatukuwa tumesogea simu ilipolia chini. Mzee mwenye duka alimwita Mwalimu, nami nikamfuata. Alikuwa kijana wake. Simu ya Myanga ilikuwa mbovu, akalazimika kutafuta usafiri hadi Bungoma mjini, na hapo foleni ndefu kwenye kibanda. Nilisikia sauti yake kwenye mkono wa simu, inacheka. Mtoto amenyamaza. Amenyamaza tangu asubuhi na mapema. Ajuza mmoja alikumbuka bibi wa zamani aliyeolewa mbali, ambaye ukoo ulikuwa umemsahau, wakamtaja, mtoto akapiga chafya na kushika titi. Ananyonya vizuri. Wamempa hilo.

"Tangu asubuhi," alisema Mwalimu.

"Ndiyo, Mama. Nilikuwa natafuta simu."

"Asante Mungu. Mfunikeni vizuri."

Akarudisha simu. Akapanda ngazi mwenyewe, akaifunika ile kompyuta, na kwa kuwa zamu ya jioni ilikuwa imeshafika, akaenda chumba cha kwanza akawaambia waweke vidole kwenye mstari wa katikati. Nilisimama mlangoni nikimtazama akiwafunika mikono mmoja mmoja. Nilitaka kumkumbatia sikujua vipi. Mwisho wa mwezi alifungasha akahamia kwa kijana wake, na Jaspal akalitoa lile gemu kwenye mashine bila mtu kumwambia.

Mimi niliolewa Bungoma, kwa watu wa kabila lake, na karibu na mwisho wa miaka ya tisini nilikutana naye sokoni Myanga. Nilikuwa mjamzito, tumbo limefika mbele kabla yangu. Alikuwa amekonda. Mjukuu alikuwa kando yake, anakula ndizi, mtoto mchangamfu mwenye jina la yule bibi aliyesahauliwa. Tulisalimiana kwa muda mrefu kama inavyotakiwa. Kisha akanivuta nyuma ya marobota ya mitumba.

"Wewe ulimwona. Pale mwisho ulimwona, sivyo?"

"Nilimwona, Mwalimu."

"Nilimtoa pale alipokuwa, na kule nilikomtuma kumejaa. Sasa yuko wapi?"

Alisema anamsikia. Si ndotoni, mchana, akifagia, akichambua mboga, kama mtu aliyesimama mlangoni na hajakaribishwa. Alikuwa akiongea bila kulia, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa tumboni mwangu. "Ukoo wenu na wetu ni mbali, najua. Si haki kukuomba. Lakini mtoto wako akilia, akikataa yote, jaribu na lake. Mara moja tu, mama."

Nilisema nitajaribu. Nilisema hivyo kwa heshima, na kwa huruma, na ili aondoe macho yake.

Nilijifungua msichana, na alilia. Alilia siku nzima na ya pili, titi hataki, mpaka midomo ikakauka. Mama mkwe akaja na wanawake wa boma, wakakaa sebuleni mchana wa jua kali, wakaanza kutaja majina yao. Mimi nilikuwa na lile moja mdomoni. Nilijua binti wa Mwalimu ni mtoto mwema, nilimwona akiruka kamba. Lakini nilimwona pia kwenye pembe ya ghorofa ya tatu, na nikaogopa kwa ajili ya damu yangu, nikauma meno nisiseme. Mama mkwe akataja la nyanya yake, mtoto analia. Mama mkwe akanyamaza kidogo avute pumzi, na hakuna mtu mle ndani aliyesema kitu.

Mtoto akaacha kulia. Alikuwa amefungua macho, anautazama mdomo wangu. Kisha akatafuta titi, akanyonya.

Mama mkwe akapiga kigelegele, akasema ni nyanya yake amekubali, na ndilo jina alilopewa. Sikubisha. Sikumwambia mtu.

Mwalimu alikuja kumwona alipopata habari. Alileta sukari na kisweta cha kufuma. Nilikaa nikingoja aniulize kama nililitaja, maana ningemwambia hapana na ingekuwa kweli. Hakuuliza. Alimpokea mtoto, akamlaza mapajani, akamfungua vifungo, akaweka kiganja chake juu ya kile kifua kidogo. Mtoto alimtazama tu. Mwalimu alikaa hivyo, kiganja kikipanda na kushuka, na machozi yakaanza kumtoka mbele yangu na mbele ya mama mkwe wangu, bila haya yoyote.

"Uhai upo," alisema. "Safari hii amepewa wa kutosha."

Nikamwachia ambebe mpaka jioni.